Mama Kijiko Akisema Tamu

Maziwa yalichemka, yakafurika, yakaungua, na moshi ukajaa chumba kizima, huku Mama Kijiko amesimama palepale kando ya jiko akijifunga kitambaa kichwani. Hakusikia harufu yoyote. Aligeuka kwa sababu macho yalianza kumwasha, ndipo akaona sufuria imekuwa nyeusi ubavuni na wingu limeshuka hadi kwenye mto wa kitanda.

"Dada!" mdogo wake akapiga kelele kutoka uani. "Unachoma nyumba au unafukuza mbu?"

"Nafukuza mbu!" akajibu, akacheka.

Alicheka kwa sauti, huku akilirukia jiko alizime. Akazungusha kitufe hadi mwisho, kisha akainama na kuweka sikio karibu na mtungi wa gesi. Hivyo ndivyo alivyokuwa akijilinda siku hizi, kwa sikio. Pua ilikuwa imekwisha kazi.

Sasa, kabla hatujaenda mbali, nikueleze huyu ni nani, maana ukimsikia anaitwa Mama Kijiko utadhani ana mtoto wa jina hilo. Hakuwa na mtoto. Alikuwa mjane, anakaa kwenye chumba cha uani nyumbani kwa mdogo wake wa kiume, na alikuwa mpishi kwenye bwalo la kiwanda cha magodoro. Jina alilipata huko kazini. Kwenye kamba ya aproni yake kilining'inia kijiko cha bati chenye mpini uliopinda, na hakuna sufuria iliyoteremshwa motoni kabla hajachota kwa kijiko kile, akapuliza, akaonja na kufumba macho. Wafanyakazi wakifika na sahani zao, nywele zimejaa nyuzi za sponji, swali lilikuwa moja: "Mama Kijiko keshaonja?" Akiitikia, wanakula. Asipoitikia, hata msimamizi wa zamu alisubiri.

Nyumbani mambo yalikuwa yaleyale. Katika ukoo ule chakula hakikuliwa mpaka yeye aonje, na akishasema ni kitamu, basi ni kitamu. Ukisema wewe kina chumvi nyingi, utachekwa mpaka ujute. "Peleka mdomo wako kwa fundi," mdogo wake angekwambia. "Huo una kutu."

Basi ikaja homa, miezi kadhaa nyuma, homa ya kawaida tu ya mafua na mwili kuuma. Ikamlaza, ikaondoka. Ilipoondoka ikaondoka na harufu na ladha zake zote. Mama Kijiko alisubiri zirudi kama mtu anavyomsubiri mgeni aliyeahidi. Alitafuna pilipili, akahisi moto bila ladha. Alilamba chumvi, ikawa kama kulamba mchanga. Hakumwambia mtu. Mpishi asiyeonja, nani atamweka jikoni? Na dada mjane asiye na kazi, anayekaa chumba cha uani, anakuwa nani kwenye nyumba ya watu? Maswali hayo yalimkalia kifuani kama tofali, usiku na mchana.

Akatafuta njia. Kiwandani alipima chumvi kwa kifuniko cha dumu la mafuta, kisha akachungulia uso wa mtu wa kwanza kula. Na nyumbani alikuwa na pua ya siri. Pua hiyo ilikuwa ya Kifaranga, binti mdogo wa mdogo wake, mtoto aliyekuwa bado hajaanza shule na aliyemfuata shangazi yake kila alikokwenda kama jina lake lilivyo.

"Kifaranga, njoo tucheze. Maziwa haya yananukiaje?"

"Yananukia maziwa."

"Na haya?"

"Haya yananukia soksi za baba!"

Wanacheka wote wawili, na Mama Kijiko anamwaga yale ya soksi. Mtoto alijua ni mchezo tu.

Kilichomtisha zaidi ya yote kilikuwa Jumamosi. Zamani ndiyo siku aliyoipenda kuliko zote. Mdogo wake alikuwa seremala, mwenye kigari cha kubebea mbao, na Jumamosi akishapeleka milango na madirisha kwa wateja, huwapakia wote na kuingia barabara ya mashambani. Kuna shamba moja walilizoea, la mama mmoja mnene mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto na mabuti ya mpira yasiyomtoka mguuni hata jua liwake vipi. Pale mtu anakula kitu kikiwa bado na uhai wake. Mapera unachuma mwenyewe. Mahindi yanachomwa yakiwa bado na utomvu. Mayai yana joto la kuku. Miwa, maembe, matango, mihogo unayoing'oa kwa mikono yako, ukaiosha bombani na kuitafuna mibichi, inakatika kwa mlio. Wanatandika mkeka kwenye kivuli cha tangi la maji, na Mama Kijiko anaanza: anaonja hiki, anafumba macho, anatoa hukumu, wengine wanashambulia. Ulikuwa ufalme wake.

Sasa kila Jumamosi ilikuwa kama kwenda mahakamani.

Jumamosi hii ya moshi alijaribu kukwepa. "Mimi leo kichwa kinauma. Nendeni tu."

"Twende na nani wa kuonja?" wifi yake akauliza. Wifi, mke wa mdogo wake, alikuwa na mimba changa iliyomfanya achukie hata harufu ya sabuni. "Wifi, mimi siku hizi kila kitu mdomoni ni shubiri. Nikila kitu kimeharibika sitajua. Twende bwana."

"Na mimi nimemeza dawa za malaria wiki nzima," seremala akasema. "Mdomo wangu ni kama nimelamba betri. Dada, panda gari."

Akapanda. Kifaranga akajilaza mapajani pake, akiimba wimbo usio na mwisho kuhusu kuku.

Shambani mwenye mabuti aliwapokea kwa vifijo. "Karibuni, watu wa mjini! Mmekuja kunimalizia shamba?"

"Tumekuja kukusaidia kupunguza," seremala akajibu.

"Haya. Mihogo imekomaa. Ng'oeni wenyewe, mgongo wangu leo umegoma. Ila sikilizeni." Akanyoosha mkono. "Ile ya karibu na migomba ndiyo ya kutafuna. Ile ya mpakani kule, msiiguse. Ni michungu, nimeipanda kuwakomoa nguruwe, na ya kula mimi naikausha kwanza siku nyingi ndiyo nasaga. Ukila mbichi ile, unalala usiamke." Kisha akamwona Mama Kijiko akishuka garini, akacheka. "Ah, kumbe ulimi upo! Basi sina wasiwasi. Huyu akionja atajua."

Mama Kijiko alitaka kusema kitu. Midomo ilifunguka. Lakini mwenye mabuti alikuwa keshageuka kuelekea kwenye banda la kuku, na seremala keshavua viatu na kuzama kati ya majani.

Mihogo, kwa asiyeijua, yote hufanana. Majani yale yale, vidole vile vile. Upande wa migomba na upande wa mpakani ulikuwa umeungana katikati kama nywele zisizochanwa, na seremala ni mtu wa mbao, akiona shina nene moyo wake unafurahi. Akavuta alipovuta. Akarudi na fungu kubwa la mihogo, udongo umemjaa hadi masikioni.

"Umeng'oa upande gani?" Mama Kijiko akauliza.

"Huku huku. Karibu na migomba."

"Una hakika?"

"Dada, leo umekuwa askari? Nimetoka hapo, migomba naiona." Akaosha muhogo mmoja, akamenya, akaukata vipande vyeupe kama chaki, akamkabidhi cha kwanza. "Haya, hakimu. Toa hukumu."

Wote wakamtazama. Seremala anamtazama. Wifi anamtazama. Kifaranga, mdomo wazi, anamtazama. Mama Kijiko akauma. Ulikuwa mgumu, wa baridi, wenye maji. Akatafuna. Hapakuwa na kitu. Ilikuwa kama kutafuna karatasi iliyolowa. Akafumba macho kama kawaida yake, na humo gizani akatafuta ladha kama mtu aliyeangusha ufunguo kisimani. Utamu, uchungu, chochote. Akawaza: nikisema sijui, leo ndiyo mwisho. Akawaza: amesema karibu na migomba. Akawaza: si ameiona.

Akafungua macho.

"Tamu," akasema.

Wakashambulia.

Na hapa ndipo jambo la ajabu lilipotokea, ambalo nadhani lingetokea katika ukoo ule peke yake. Seremala aliuma, uchungu ukamkaba koo, akajisemea: loo, hizi dawa za malaria zitaniua. Akatafuna kidogo kwa heshima, kipande kilichobaki akakitia mfukoni kwa siri. Wifi naye aliuma, akakunja uso, akajisemea: mimba hii jamani, hata muhogo inaugeuza. Akautema kwenye leso alipojifanya anapiga chafya. Hakuna aliyesema neno. Dada amesema tamu. Basi kasoro iko mdomoni mwangu mimi.

Aliyesema alikuwa Kifaranga.

"Shangazi, mchungu."

Mama Kijiko aliganda. Hii ilikuwa pua yake, huu ulikuwa ulimi wake, uliomwokoa na maziwa mabovu asubuhi ngapi. Lakini mdogo wake akaangua kicheko. "Haya! Dada, umepata mpinzani! Kiti chako kinachukuliwa!" Na wifi akacheka, na macho yote yakamrudia tena yeye. Uso ukamwaka moto.

"Mchungu wapi?" akasema. "Tafuna vizuri, utamu uko ndani. Ukimaliza nitakupa muwa."

Mtoto alimpenda shangazi yake. Akatafuna. Akagundua ujanja: muhogo mkono huu, muwa mkono ule, anauma uchungu, anafukuzia kwa sukari. Akamaliza kipande chake. Akaomba sifa, akapewa. Akala cha pili apewe sifa tena. Kisha wakaendelea na mayai, na maziwa mabichi, na mapera, na jua likaenda zake polepole juu ya tangi la maji.

Walipoanza safari ya kurudi, Kifaranga hakuimba.

"Amechoka na jua," wifi akasema.

Mama Kijiko alimpakata. Kichwa cha mtoto kilikuwa kizito kwenye mkono wake, kizito kupita uzito wa usingizi. Akamgusa shavu. Akamwita kwa sauti ndogo. Kope zikafunguka nusu, macho yakamtazama bila kumwona, yakafunga. Kisha mwili mdogo ukajikunja na kutapika, mara moja, mara nyingine, gauni la shangazi likalowa. Kifua kikaanza kwenda mbio, puu, puu, puu, kama kuku aliyefukuzwa.

"Simamisha!" wifi akapiga kelele.

"Usisimamishe," Mama Kijiko akasema. Sauti haikuwa yake. "Kimbiza. Kimbiza!"

Kwenye njia panda kulikuwa na zahanati, jengo la vyumba viwili lenye benchi la mbao na mzani wa kupimia watoto. Tabibu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Akamlaza Kifaranga kitandani, akasikiliza kifua, akainua kope, akauliza bila kugeuka:

"Amekula nini leo?"

Seremala akajibu kwa niaba ya wote, maneno yanagongana. "Tulikuwa shambani, daktari. Amekula mapera, muwa, yai, maziwa..."

"Maziwa yamechemshwa?"

"Hapana, ya pale pale, ya kukamuliwa."

"Na nini kingine?"

"Muhogo."

Tabibu akageuka. "Mbichi? Ulikuwa mchungu?"

"Hapana, hapana. Huyu dada yangu ndiye aliyeonja." Akamshika Mama Kijiko begani, kama mtu anayeonyesha hati ya nyumba. "Ni mpishi. Yeye hakosei. Alisema tamu."

Tabibu akamtazama Mama Kijiko. "Ulikuwa mtamu, mama?"

Mama Kijiko akatikisa kichwa kidogo, ishara isiyokuwa ndiyo wala hapana.

"Basi huenda ni maziwa," tabibu akasema, akivuta chupa ya maji ya mshipani. "Tumbo limechafuka. Tumwongezee maji, tungoje hadi jioni tuone anavyoendelea."

Tungoje. Neno hilo lilimwingia Mama Kijiko kama maji ya barafu. Alitazama kifua cha mtoto. Alitazama midomo midogo, iliyokuwa na rangi ya moyo wa pera asubuhi, sasa imekuwa kama majivu. Akasikia sauti ya mwenye mabuti: unalala usiamke. Pale alipokuwa amesimama aliona wazi vyote viwili, bwalo la kiwanda na chumba cha uani, kijiko na jina, vyote vimewekwa upande mmoja wa mizani, na upande wa pili kifua kile kinachokwenda mbio. Akashika ukingo wa kitanda.

"Usingoje," akasema. "Si maziwa."

"Dada?"

"Mimi sionji." Akasema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Sina ladha. Sina harufu. Tangu ile homa. Muhogo ule sikujua ni mtamu au mchungu, nilisema tu. Mtoto akaniambia mchungu. Akaniambia kwa mdomo wake, nami nikamlazimisha. Daktari, nakuomba, usingoje."

Nzi alikuwa anatembea kwenye mzani.

"Ulikuwa mchungu," seremala akasema polepole. "Mimi nilidhani ni dawa zangu."

"Na mimi nilidhani ni mimba," wifi akasema, na mkono ukamwendea mdomoni.

Seremala akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile kipande chenye alama ya meno yake. Tabibu akakivunja, akagusisha chembe kwenye ncha ya ulimi, akatema papo hapo, akasukutua mdomo kwa maji. Akamvalisha mtoto barakoa ya hewa, akashika simu. "Ni sumu ya muhogo. Ndiyo, mtoto mdogo. Dawa yake hapa sina, iandaeni mlangoni, tunakuja na gari la wagonjwa sasa hivi." Alipokata simu akawageukia. "Tungengoja jioni, tungechelewa."

Njia ile ya kwenda hospitali kubwa Mama Kijiko hakuweza kuisimulia vizuri baadaye. Kwenye gari la wagonjwa alipanda wifi na mtoto, yeye hakupewa nafasi. Alifuata nyuma na mdogo wake kwenye kigari cha kubebea mbao. Kila gari la wagonjwa lilipopunguza mwendo alidhani limepunguza kwa sababu mtoto amekwisha. Kila king'ora kiliponyamaza kidogo alishika dashibodi. Wakafika. Mlango ukafunguka, ukafunga. Wakabaki ukumbini, kwenye viti vya plastiki vilivyounganishwa kwa chuma, chini ya taa inayopepesa.

Wifi alikaa kiti cha mbali. Akasema, bila kugeuza uso:

"Ulimwambia atafune vizuri."

"Ndiyo."

"Ulimwambia utamu uko ndani."

"Ndiyo, wifi."

"Usiniite wifi sasa hivi."

Hakumwita. Alichomoa mkobani kijiko chake cha bati, akakishika kwa nguvu mpaka mpini ukamchora kiganjani, na hakuomba msamaha, kwa sababu aliogopa kwamba akifungua mdomo kuomba kitu, atakuwa anajiombea mwenyewe.

Jua lilikuwa linazama dirishani muuguzi alipotoka. "Mama wa mtoto?" Wifi akasimama kama aliyechomwa. "Anapumua vizuri. Amefungua macho. Anauliza muwa wake uko wapi."

Seremala akalia kwa kwikwi, mtu mzima na udongo wake masikioni. Mama Kijiko hakulia. Aliteleza tu kutoka kwenye kiti, akakaa sakafuni.

Jumatatu alikwenda kwa msimamizi wa bwalo kabla ya kuwasha jiko, akamweleza yote. Msimamizi alimsikiliza, akakuna kidevu, akasema atamhamishia kwenye kumenya na kukata, na kuonja ataonja msaidizi wake. "Lakini siku zote hizi tulikuwa tunakula nini?" akauliza. "Kifuniko cha dumu," Mama Kijiko akajibu. Wafanyakazi waliposikia wakacheka wiki nzima, na wapo walioapa kwamba maharage ya kifuniko yalikuwa bora kuliko ya kijiko.

Jumamosi zikapita bila mtu kutaja shamba. Mama Kijiko hakulala vizuri. Alfajiri alitoka chumbani kwake, akasimama nje ya dirisha la mtoto kusikiliza pumzi, kwa lile sikio alilokuwa akisikilizia gesi. Asubuhi moja alikuta dirisha limefunguliwa kidogo, na wifi amesimama kwa ndani.

"Anapumua," wifi akasema. "Nami husikiliza." Akalisukuma dirisha likafunguka zaidi: "Jumamosi tunakwenda shamba. Anakataa kula hapa, anataka mapera. Nawe unakuja."

"Nije kufanya nini, mama yangu? Mimi wa nini tena pale?"

"Uje kula. Kwani wengine wanaendaga kufanya nini?"

Basi wakaenda. Mwenye mabuti alikuwa ameng'oa mihogo yote ya mpakani, akaacha ardhi tupu nyekundu, na hakucheka kama zamani mpaka alipomwona Kifaranga anashuka garini kwa miguu yake. Wakatandika mkeka. Hakuna aliyemtazama Mama Kijiko kusubiri hukumu, na kitu hicho kiliuma na kupoza kwa pamoja. Kila mtu aliuma pera lake na kusema kwa sauti, maana ndiyo sheria mpya aliyoiweka wifi garini: ukionja, sema unachoonja wewe.

"Tamu," seremala akasema.

"Langu lina mdudu," wifi akasema.

"Huyo naye ni wa leo leo, mle tu," seremala akamjibu mkewe.

Kifaranga akauma lake. Mama Kijiko alikuwa ameshika pera mkononi, hajaliuma, anamtazama mtoto anavyotafuna. Hofu ilikuwa bado ipo palepale kifuani, wala haikuonyesha dalili ya kuhama.

"Lako likoje?" akauliza. "Sema kweli. Likiwa chungu, sema chungu."

Mtoto akameza. Akafikiri sana, kama hakimu.

"Upande huu tamu," akasema. "Upande huu bado. Shangazi, wewe kula upande huu."

Akamgeuzia ule upande mtamu wa pera lake, na Mama Kijiko akauma pale alipoonyeshwa.